Jibu: "Paprosky 3A" kwenye nyonga ya mama yako maana yake nini

Mkuu, umeuliza kwa nini kubadilisha nyonga bandia ya bi mkubwa iliyolegea kumepandishiwa bei baada ya daktari kuandika "Paprosky 3A", na kama hiyo ni saratani hatua ya tatu. Mimi niko thieta ya mifupa, upande wa kupanga vifaa.

Si saratani. Plastiki ya kikombe, kile kipande cha nyonga bandia kinachokaa kwenye tundu la nyonga, ikisagika kwa miaka, chembe zake huchokoza seli za ulinzi za mwili, na matokeo yake mfupa wa jirani unaliwa. Mgonjwa anaweza asisikie chochote mpaka kikombe kianze kucheza.

Paprosky ni daktari wa Marekani; yeye na wenzake walichapisha mwaka 1994 madaraja haya ya kuonyesha mfupa wa tundu la nyonga umeliwa kiasi gani. Kwenye eksirei wanatazama kikombe kimepanda kiasi gani, mfupa wa kukalia umeliwa vipi, na ukuta wa ndani wa tundu la nyonga kama bado upo. Daraja la 1 na la 2, kikombe kipya cha nusu tufe na skrubu kwa kawaida vinatosha. 3A kimepanda zaidi ya sm 3 na kukimbilia nje. 3B kimepanda na kuzama ndani, na hapo kuna hofu kwamba nyonga imekatika, juu mbali na chini mbali.

Kwa 3A pengo huzibwa kwa kabari za tantalamu, metali yenye vitundu kama sponji, mfupa uote humo. 3B hudai kizimba cha chuma kinachoshika juu na chini, au kipandikizi kilichochongwa kwa vipimo vya siti skani ya mgonjwa mwenyewe. Bei yako imepandia kwenye kabari hizo za 3A. Na daktari makini huagiza hadi trei, yaani seti za vifaa, za daraja la juu yake, maana eksirei hupunja: kikombe cha zamani kikishang'olewa na utando kukwanguliwa ndipo tundu halisi linaonekana. Nimeona 2B, moja ya ngazi za daraja la 2, ikigeuka 3A mezani. Daktari kanyoosha mkono tu, kabari ikawepo. Isingekuwepo, sijui tungefunga vipi.

Fupa la paja lina madaraja yake. Swali kubwa huko ni kama zimebaki sm 4 za mfupa imara wa kubana shina jipya, kile chuma cha nyonga bandia kinachoingia ndani ya fupa la paja. Zisipofika, wengi hutumia shina refu la titani lenye mbavu, linalosinyaa kuelekea chini.

Lakini umegusia homa za jioni, na hizo zimenishtua kuliko 3A. Uliza kama wamepima CRP na ESR, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe au maambukizi, na kuvuta maji ya kiungo. Kukiwa na wadudu mpango wote unabadilika. Mara nyingi chuma cha zamani hutolewa, huwekwa simenti yenye antibiotiki kwanza, na kabari zinasubiri operesheni ya pili. Usilipie trei kabla ya majibu hayo. Na mama asipewe antibiotiki za duka la dawa kabla maji hayajavutwa, zitawaficha wadudu maabara ishindwe kuwaotesha.