Mfuko wa damu ya mdogo wangu na siku mia moja zilizofuata

Vipimo viliposema seli za saratani hazionekani tena, nilijua nimemaliza. Nilikuwa nimetoka kwenye mizunguko ya kemo nzito (dawa za kuua seli za saratani) ya lukemia, saratani ya damu, kucha zimeingia weusi, ulimi hauonji kitu. Daktari akasema ugonjwa wa aina yangu hupenda kurudi, kwa hiyo tupandikize uloto wa mtu mwingine (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) sasa, wakati ugonjwa umetulia. Na kabla ya hapo, kemo nyingine, kali kuliko zote. Nililia palepale.

Kemo hiyo humalizia seli zilizojificha na kuilaza kinga yako isizikatae seli za mgeni. Dozi yake ni kubwa kiasi kwamba mara nyingi uloto wako hauwezi kujiinua wenyewe, kwa hiyo ikishaanza hakuna kurudi nyuma. Maswali yamalize kabla. La uzazi hasa: dawa hizi mara nyingi huondoa uwezo wa kupata watoto, na mbegu au mayai huhifadhiwa kabla. Mimi niliona haya kuuliza mbele ya baba. Wewe uliza.

Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kwa aina ya tishu. Kwetu aliyelingana ni kitinda mimba, mwoga wa sindano kuliko wote. Alichomwa siku tano mfululizo ili seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, akalalamika kiuno kinamuuma kama cha mzee, kisha akakaa saa kadhaa kwenye mashine inayozichuja. Hakupasuliwa popote.

Hata mimi sikupasuliwa. Siku yenyewe, inayoitwa siku sifuri, nesi alitundika mfuko mwekundu, akauunganisha na mpira wa kifuani unaoingia kwenye mshipa, nami nikasinzia kwa dawa ya kuzuia mzio. Nilipoamka ulikuwa mtupu.

Kazi ilikuja baadaye. Vidonda vya mdomoni vilinifanya niteme hata mate. Sukutua kwa ratiba hata kama hutaki, na omba dawa ya maumivu mapema. Ukingoja mpaka ushindwe kumeza, umechelewa. Siku ya 17 chembe nyeupe za damu zikaanza kupanda.

Lakini ninayetaka hasa kuzungumza naye ni yule aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Usiku mmoja nilihisi baridi, nikapima: 38.2. Nikajifunika, nikasema wasije wakanirudisha wodini, nitapiga simu asubuhi. Saa tisa usiku dada yangu aliingia akanikuta natetemeka mpaka kitanda kinalia, akanibeba hivyo hivyo hospitali. Bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Ukiwa huna kinga, 38 si homa ya kungojea kukuche, na usimeze panadoli ya kuishusha kabla hujazungumza na timu yako. Namba ya wodi tuliibandika kwenye mlango wa friji baada ya usiku ule. Ingepaswa kuwa pale tangu siku ya kwanza.

Jicho lingine liweke kwenye ngozi, choo na macho. Upele, kuharisha au macho ya njano vinaweza kuwa dalili kwamba seli za mchangiaji zinaushambulia mwili wako. Vidonge vya kuzituliza usiviache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Na jambo dogo ambalo wengi hukosea: kama unatumia siklosporini, mojawapo ya dawa hizo za kuzituliza, siku ya kupimwa kiwango chake njoo na dozi ya asubuhi mfukoni, uimeze baada ya kutolewa damu. Ukimeza kabla, kipimo kinadanganya.

Kundi langu la damu lilikuwa O. Sasa ni A kama la mdogo wangu, naye hunikumbusha kila tukigombana. Chanjo za utotoni nimezianza upya. Juzi nilipanga foleni na akina mama wenye vichanga, na nesi akaniuliza mtoto wangu yuko wapi.