Saruji Haikaushi Ukuta wa Mawe na Chokaa

SWALI: Tumerithi nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, Zanzibar. Kila baada ya masika ukuta wa chini unatoa unyevu na chumvi, na rangi inabanduka. Miaka mitatu iliyopita fundi alipiga lipu ya saruji. Unyevu uliokuwa kiunoni sasa umefika kifuani. Fundi mwingine anataka kupiga saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha rangi ya mafuta. Isitoshe, kwenye familia tunabishana: tutenge fedha za matengenezo kila mwaka, au tungoje kitu kiharibike ndipo tutengeneze?

JIBU: Ndugu zangu, fundi huyo asiguse ukuta. Unyevu umefika kifuani kwa sababu ya ile saruji ya kwanza.

Swali hili linanifikia kila mvua zikikatika, na nyuma yake hakosekani mtu aliyemwambia mwenye nyumba kwamba saruji ni ngumu kuliko chokaa, basi inalinda zaidi. Ugumu huo ndio unaoua nyumba hizi. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wa nusu mita au zaidi, na msingi hauna kitu cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Yanapanda siku zote. Waliojenga walilijua hilo, wakauacha ukuta upumue: maji yanatoka kama mvuke kupitia lipu ya chokaa, chumvi inabaki juu juu, unaifagia na kupaka chokaa upya.

Ukiuziba kwa saruji, maji hayaendi popote. Yanapanda juu zaidi, au yanatokea upande wa pili, chumbani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisagasaga ile chokaa inayoshika mawe. Nje panang'aa, lakini gongeni kwa vidole mtasikia nyuma yake pana uwazi. Halafu unyevu ukifika kwenye ncha za boriti za mikoko zilizolala ndani ya ukuta, boriti zinaoza mahali msipopaona, na hizo ndizo zinazobeba sakafu ya juu. Rangi ya mafuta inamalizia kuziba.

Cha kufanya: kwanza mhandisi akague ncha za boriti. Kisha saruji ibanduliwe kipande kwa kipande wakati wa kiangazi, kwa patasi na nyundo ndogo, ukuta uachwe wazi miezi kadhaa ukauke, ndipo ipigwe lipu ya chokaa na mchanga usio na chumvi, tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri ya chini yake ishike. Ombeni kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kuanza.

Kuhusu ubishi wenu: kitasa na taa vinaweza kungojea viharibike. Paa, mifereji ya mvua, bomba za choo cha juu na boriti haviwezi, kwa sababu vikiharibika vinaharibu na vya jirani yake. Tengeni fedha. Kabla ya masika mtu apande juu, azibue mifereji, aangalie bati. Baada ya masika azunguke tena kuona palipolowa. Angalieni pia kiyoyozi kinachodondoshea maji ukutani mwaka mzima. Nyumba nyingi nilizoitwa kwa ajili ya "unyevu wa ardhini" zilikuwa na hicho, au tangi linalovuja. Na kungoja kuna gharama yake: Jumba la Maajabu la huko huko Mji Mkongwe, la mwaka 1883, uchakavu wake ulijulikana miaka mingi; tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu, matengenezo yakiwa yanaendelea.

Na hili nawaambia wenye nyumba wote wa pwani, Lamu, Mombasa hata Bagamoyo. Wanaouza dawa za kuzuia unyevu hupita mara tu mvua zikikatika, na ukuta wowote hupendeza wakati wa kiangazi. Hawarudi masika yajayo. Kabla ya kumpa mtu senti, mwambieni awaonyeshe maji yanakoingilia. Akianza kuwasifia ndoo ya rangi badala ya kupanda juu ya paa na kuchungulia mifereji, mwacheni aende zake.