Kazi ya EA: kabla hujataja mshahara, uliza utaachiwa nini

Kwenye intavyuu yangu ya kwanza ya kuwa msaidizi wa mkurugenzi mkuu (ndo huyo EA, executive assistant) niliulizwa natarajia mshahara kiasi gani, na mimi bila hata kuvuta pumzi nikataja hela iliyozidi kidogo tu ile niliyokua nalipwa mapokezi. Dada aliyekua ananihoji akaiandika, hakuinua hata kichwa. Hakubisha, hakuuliza, akahamia swali linalofuata. Mwenye akili angeshtuka hapo hapo, mimi nikatoka nje nampigia mama simu kwamba nimepata kazi.

Kumbe niliipigia hesabu kazi nyingine kabisa. Kichwani kwangu ilikua simu, barua, mafaili, kupokea wageni, basi. Siku ya pili bosi akaniita akanionyesha imeili zake zimefurika, akasema "za kunifikia nifikishie, hizo nyingine malizana nazo", akaondoka zake mkutanoni. Nikabaki nazitazama. Kumalizana nazo maana yake mimi ndo naamua nani ajibiwe leo, nani asubiri wiki ijayo, nani aambiwe hapana kwa maneno ambayo hatakasirika, na ipi inaonekana ya kawaida ila ndani ina moto. Ile sentensi moja ndo ilikua kazi nzima, na haikuandikwa popote kwenye tangazo. (Halafu usikubali kupewa neno siri la bosi, watu wa IT wanaweza kukufungulia ruhusa ya kuingia kwenye imeili zake kwa jina lako mwenyewe, siku ikitoka imeili mbovu ijulikane nani kaituma.)

Kwa hiyo mtu akiniuliza saivi EA analipwaje namjibu kwa swali, unaachiwa uamue nini? Cheo usikiamini. Kuna sehemu anaitwa EA lakini ukimwangalia ni karani wa kuchapa, na kuna sehemu anaitwa sekretari tu na bila yeye bodi haikai. Hata sheria ya kazi ya Marekani inaangalia mambo kwa jicho hilo, kanuni zao za ovataimu zinasema msaidizi wa mwenye biashara au wa kiongozi wa juu kwenye kampuni kubwa anahesabika kwenye kundi la wasiolipwa ovataimu kama amekabidhiwa mamlaka kwenye mambo mazito bila kuelekezwa kila hatua, na mshahara wake usiwe chini ya kiwango kilichowekwa. Yaani kinachoangaliwa ni alichokabidhiwa, jina la mlangoni halitoshi. Na ona ujanja unapoweza kuingia: mtu anaitwa EA ili akae mpaka usiku bila ovataimu, huku hata kusogeza mkutano mmoja lazima aombe ruhusa.

Kwenye intavyuu omba kuongea na bosi mwenyewe, usiishie kwa HR (watu wa idara ya ajira), maana karatasi ya HR mara nyingi imekopiwa kutoka kwa aliyeondoka na mwishoni ina ule mstari wa "majukumu mengine utakayopangiwa" ambao ukiuangalia vizuri ni gunia lisilo na chini. Ukimpata bosi muulize hivi: mtu akiomba miadi na mimi naona haina maana, naikataa mwenyewe au nakuletea? Atakavyojibu utajua. Akisema uniulize kila kitu, basi hiyo ni kazi ya kupokea amri na mshahara wake unafahamika. Akisema kataa tu, hapo unauziwa kazi ya kumlindia mtu muda wake, na hiyo ina bei nyingine. Muulize pia aliyekuwepo kaenda wapi. Kama kapanda cheo humo humo ndani ni habari njema, ila kama ndani ya mwaka mmoja wamepita wasaidizi watatu, uliza tena taratibu.

Na mabosi ni wangapi? Hili watu wanalipitia juu juu. Mimi nilianza na mmoja, mwezi wa nne nikaongezewa wa pili "kwa muda", akaja wa tatu hata hakuna aliyeniambia, aliniletea tu risiti zake za safari nimjazie fomu. Mabosi wawili ni zaidi ya kazi mara mbili, kwa sababu kila mmoja anaamini lake ndo la dharura na hamjui mwenzie, na wewe katikati ndo unaonekana mvivu. Kama ofa ina mabosi zaidi ya mmoja, iandikwe yakigongana nani anaamua.

Haya tuje kwenye hela yenyewe. Ukitajiwa namba uliza kwanza ni kabla ya makato au ni ya mkononi, halafu uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, maana sehemu nyingi mafao na nyongeza vinapigwa kwenye msingi, na posho ni kitu cha kwanza kukatwa mambo yakibana. Ukimaliza gawanya kwa masaa ya kweli, usigawanye ya kwenye mkataba. Mkataba ukisema masaa 40 kwa wiki na wewe unafanya 55, thamani ya saa lako imeshuka kama asilimia 27, ile ofa uliyoshangilia inaweza kuwa chini ya ulikotoka. Uliza simu ni ya nani, vocha nani ananunua, na jumapili bosi akiwa safarini unatakiwa ujibu ndani ya muda gani. Kama wamekuambia mshahara utapanda baada ya majaribio, waandike ni kiasi gani na tarehe ngapi. Mimi niliambiwa "tutaliangalia", mpaka leo naamini bado wanaliangalia.

Kingine ambacho hela inabidi ikibebe ni ukali wa makosa. Kosa la EA halijifichi. Bosi wangu alikua na ndege inaondoka Alhamisi, tiketi imeandikwa 00:15, mimi kwenye kalenda yake nikaweka "Alhamisi usiku, ndege" na dereva nikamwambia aje Alhamisi saa tatu usiku. Wenye kusoma tiketi mshajua. Ile ilikua usiku wa kuamkia Alhamisi, na ndege ilipoinuka mtu wangu amelala fofofo kwake. Nilijua saa mbili asubuhi nilipofungua tiketi nimtumie dereva, nikahisi tumbo limenyonga. Tiketi mpya tukanunua kwa bei ya kuumiza, mkutano wa asubuhi kule ukafanyika bila yeye, na mimi ndo nilimpigia kumwambia, sikumtuma mtu. Tangu siku hiyo kwenye kalenda naandika muda wa kutoka nyumbani, "Jumatano saa tatu usiku gari mlangoni", ya tiketi yanakaa chini yake. Ukiwa na watu wa London na New York kwenye simu moja jihadhari na Machi pia, Marekani wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya mwezi na Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kuna wiki mbili tatu hapo katikati tofauti inakua masaa manne badala ya matano, na mkutano uliokua unaenda vizuri mwaka mzima unapata mtu mmoja tu yuko peke yake kwenye laini.

Baada ya ile ndege ndo nikaanza daftari. Kila siku kabla ya kufunga kompyuta naandika mistari miwili mitatu, nini nimeamua mwenyewe leo: nimesogeza kikao cha bajeti kwa sababu mhasibu alikua hajamaliza taarifa, nimezuia mkataba usiende kusainiwa una kurasa pungufu, nimemuunganisha fulani na idara husika bila kumfikisha kwa bosi. Ilipofika mwaka nikaomba nyongeza, sikusema nafanya kazi sana, kila mtu anasema hivyo. Nikampa bosi kurasa mbili zilizochapwa kutoka kwenye daftari na namba ninayoitaka ipo juu kabisa.

Alisoma kimya. Akafika kwenye ule mkataba wa kurasa pungufu akaniangalia, "huu ni wewe ulioushika?" Nikamwambia ndio. "Mbona mimi nilijua ni wanasheria?" Sikupata yote niliyoomba, nilipata kama theluthi mbili na yule bosi wa tatu akatafutiwa mtu wake. Zile kurasa sikurudishiwa, alizikunja akazitia kwenye droo yake.