Waifai imeshika ila intaneti hamna, IP inaanza na 169.254

Ndugu nimekusoma, laptopu inaonyesha imeshika waifai ila hakuna tovuti inayofunguka, na simu kwenye ruta hiyohiyo inapeta tu. Hiyo namba ya 169.254 uliyoiona kwenye IP, yaani anwani ya kompyuta kwenye mtandao, ndo jibu lenyewe. Kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe, na kwa anwani hiyo hutoki nje hata ufanyeje. Kawaida kwenye ruta za nyumbani ungeona kitu kama 192.168.1.20.

Anza na rahisi, iambie laptopu isahau hiyo waifai, unganisha upya, paswedi uiandike taratibu. Ikigoma zima ruta, subiri nusu dakika, washa. Bado? Chomeka waya kutoka kwenye ruta, ukipata anwani kwa waya basi shida iko kwenye waifai ya laptopu yako, mara nyingi draiva, ile programu inayoendesha kifaa cha waifai.

Ukishapata hiyo 192.168 piga pingi (amri ya ping, inapima kama upande wa pili unajibu) ruta kwanza halafu 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje, zikijibu zote ila tovuti hazifunguki hiyo ni DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba (mi nilishapoteza siku nzima nalaumu ruta kumbe ni hiyo).

Ila kile kitundu cha riseti nyuma ya ruta usikiguse, kinafuta setingi zote na utabaki unapigia kampuni ya intaneti. Na kama ni mtandao wa ofisi muite fundi wenu, usijipe IP kwa kubahatisha utakuja kugongana na printa ya watu yenye IP hiyohiyo.