Batalioni ya 7 ilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninasoma hapa Edinburgh. Juzi nilipita makaburi ya Rosebank nikaona kumbukumbu ya askari wa Batalioni ya 7 ya Royal Scots, rejimenti ya Uskoti, waliokufa katika ajali ya treni mwaka 1915. Nimeitafuta batalioni hiyo katika jeshi la leo, haipo. Je, ilivunjwa? Na mbona vikosi vya akiba vya Uingereza vinabadilishwa kila mara?
Msomaji, Edinburgh

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenigusa penyewe, maana nami nilivaa sare ya akiba huko Uskoti kwa miaka tisa, mchana fundi wa magari, jioni koplo.

Batalioni yako haikuvunjwa siku moja. Ilimezwa kidogo kidogo.

Tarehe 1 Aprili 1908 waziri wa vita, Haldane, aliwakusanya wanajeshi wa kujitolea waliotapakaa nchi nzima akaunda Territorial Force, yaani jeshi la akiba: divisheni 14 za askari wa miguu na brigedi 14 za wapanda farasi. Kila batalioni ilikuwa na eneo lake na ukumbi wake wa kwata. Makarani, maseremala na wapakia mizigo walipiga kwata baada ya kazi, na kiangazi wakaenda kambini. Sheria haikuwalazimisha kupigana ng'ambo, lakini vita vilipozuka mwaka 1914 wengi walikubali wenyewe kupelekwa.

Batalioni ya 7 ilikuwa ya watu wa Leith, bandari ya Edinburgh, na ukumbi wao ulikuwa Mtaa wa Dalmeny. Alfajiri ya 22 Mei 1915 karibu nusu ya batalioni ilikuwa kwenye treni kutoka Larbert kwenda Liverpool, ikapande meli ya kwenda vitani Gallipoli, Uturuki. Pale Quintinshill, karibu na Gretna, treni yao iligonga treni nyingine iliyosimama kwenye reli hiyo hiyo, kisha treni ya tatu ikawaparamia. Mabehewa yalikuwa ya mbao, taa zake za gesi. Moto ukawaka. Walikufa askari zaidi ya 200. Alasiri majina yalipoitwa, katika watu takriban 500 walioitika hawakufika 70. Maiti zililetwa Leith, zikalazwa katika ukumbi ule ule walimokuwa wakipigia kwata. Mtaa mmoja ukazika vijana wake wengi.

Basi fuata namba sasa. Mwaka 1921 Batalioni ya 7 iliunganishwa na ya 9, ikaitwa 7/9. Mwaka 1961 hiyo 7/9 ikaunganishwa na ya 8, ikaitwa 8/9. Hapo ndipo 7 ilipofutika. Mwaka 1967 serikali ikapunguza jeshi la akiba karibu nusu, na vikosi vya Lowlands, kusini mwa Uskoti, vikabanwa ndani ya batalioni moja, 52nd Lowland Volunteers. Namba 52 ilikuwa ya divisheni nzima, ile iliyokwenda Gallipoli! Mwaka 2006 batalioni hiyo ikawa ya 6 katika Royal Regiment of Scotland, rejimenti mpya iliyounganisha zile za Uskoti.

Kwa nini? Fedha, na adui anayebadilika. Miaka ya 1930 waliogopa ndege, wakawapa baadhi ya askari wa miguu taa kubwa za kumulika angani. Machi 1939 wakaamuru jeshi la akiba liongezwe maradufu, kila kikosi kikazaa pacha. Kamandi ya kutungua ndege ilipofungwa mwaka 1955, vikosi vyake vingi vikakosa kazi. Vita Baridi vilipokwisha, mapitio ya ulinzi ya mwaka 1998 yakashusha idadi ya jeshi la akiba kutoka askari 56,000 hivi hadi 41,000 hivi, na batalioni za miguu kutoka 33 hadi 15.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipata mimi. Ukumbi wetu ulifungwa mwaka 1999. Nakumbuka sajini wa stoo akihesabu blanketi, anarudia kuhesabu, huku sisi tumepanga foleni na buti mkononi. Tuliambiwa tujiunge na kombania ya mji mwingine, maili arobaini. Katika kundi letu la watu 26 walikwenda wanane. Mimi sikwenda, nilikuwa na zamu za usiku.

Naamini waliopanga mabadiliko hayo walikosea hapo. Askari wa kudumu ukimhamisha anahama, kwa kuwa nyumba na mshahara vinamfuata. Wa akiba anakuja kwa basi akitoka kazini. Ukimwondolea ukumbi, umemwondoa yeye. Mwaka 2013 serikali ilipotaka askari wa akiba 30,000 waliofunzwa, ilihangaika kuwapata, na nyumbani kwangu hakuna aliyeshangaa.

Ukitoka Rosebank, tembea hadi Mtaa wa Dalmeny, si mbali. Ukumbi ungalipo, sasa ni kituo cha sanaa. Mlango uko wazi kwa mtu yeyote. Ingia.