Tumbo la mchezaji: kukunja au kuzuia?

Mimi ni beki wa kulia, Likoni. Kila jioni kocha hutulaza chali tuinuke mara 200. Kuna faida?

Ipo, lakini ni ndogo kuliko jasho mnalolimwaga. Zoezi hilo hujenga msuli wa mbele, ule unaokunja mgongo. Sasa jiangalie uwanjani ukipiga krosi: mguu mmoja umekubeba, wa pili unakuja kwa kasi, na kiwiliwili kinatakiwa kitulie ili nguvu ya nyonga ifike kwenye mpira. Winga akikusukuma bega ni hivyo hivyo. Hapo tumbo linazuia, halikunji. Na misuli ya kuzuia imekuzunguka kote: ubavuni, chini ya mgongo, matakoni, na ule wa ndani kabisa unaolifunga tumbo kama leso iliyokazwa kiunoni. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1996 kwamba kwa mtu mzima wa afya msuli huo hujikaza kabla hata mkono haujainuka. Kwa wenye maumivu ya mgongo ulichelewa.

Mwombeni kocha, kwa adabu, hizo 200 ziwe 20. Muda unaobaki fanyeni planki (kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao), planki ya ubavu, na lile la kupiga magoti, viganja chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba. Hilo la mwisho vijana hulidharau, na ndilo huwatoa jasho.

Nakaa kwenye planki dakika nne. Nimefika?

Umefika zamani, ndugu yangu. Programu ya FIFA ya kupasha mwili moto, ile ya 11+, huanzia sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Ukiona rahisi usiongeze dakika. Inua mguu mmoja mmoja. Kiuno kikianza kulegea, simama.

Je, haya yatanipa kasi?

Sitakudanganya. Ushahidi kwamba planki peke yake huongeza kasi ni mdogo. Kasi itafute kwa kukimbia mbio fupi na kujenga mapaja. Mazoezi ya kiwiliwili yana nguvu yakiwa sehemu ya programu nzima ya kuzuia majeraha.

Nikipiga mashuti mengi kinena huniuma. Niongeze mazoezi ya tumbo?

La, mwanangu, anza kwa mtaalamu wa fiziotherapia akuchunguze. Maumivu ya kinena yana sababu nyingi. Ukishapona, jifunze zoezi la Copenhagen: unalala ubavu, mwenzako anakushikia mguu wa juu, nawe unainua nyonga kwa nguvu ya paja la ndani. Kwa wachezaji wa Norway, katika utafiti uliochapishwa 2019, matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41. Anza na marudio machache, kwani siku ya pili mapaja yatauma.

Nataka tumbo la vipande sita nikienda kuogelea Bamburi.

Hilo ni la sahani. Punguza mahamri na soda. Kuinuka-inuka hakuyeyushi mafuta ya tumbo.