Nembo ya kampeni ya Mto Ganga: chuja kwanza, chora baadaye

Ukiombwa kuchora nembo ya kampeni ya kuuhifadhi Mto Ganga, India, mkono utakwenda wenyewe kwenye tone la maji, mawimbi matatu na jani la kijani. Utakachopata ni nembo ya maji ya chupa. Kwa Wahindu mto huu ni Mama Ganga, mungu wa kike aliyeteremka kutoka mbinguni kupitia nywele za mungu Shiva. Ni mto huohuo wa kilomita zipatazo 2,500 unaopokea majitaka ya Kanpur, Varanasi na Patna. Nembo ina wajibu wa kuheshimu jambo la kwanza bila kulisahau la pili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchuja alama kabla ya kugusa penseli.

Kinachoua kampeni mapema ni kuuchora mto ukiwa mgonjwa: samaki aliyekufa, mama anayetokwa machozi meusi. Kwa muumini, utakatifu wa Ganga hauchafuki. Kinachochafua ni kile binadamu anachomwagia. Ukisema Ganga ni mchafu, umemtukania mama yake. Veer Bhadra Mishra, aliyekuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan huko Varanasi na pia profesa wa uhandisi wa maji, alilijua hilo vizuri. Hoja yake kwa waumini ilikuwa: mama yenu anapakwa majitaka mwilini, je, mtavumilia? Basi nembo imwonyeshe mama katika hadhi yake. Habari za viwanda vya ngozi na mabomba ya majitaka ziachie vipeperushi na mikutano.

Mchujo wa pili ni siasa, na hapa wasanifu wa nje ya India hujikwaa sana. Yungiyungi linapendeza, linaota majini, limo katika kila hekalu, na ni alama ya uchaguzi ya chama cha BJP. Kiganja cha mkono ni cha Congress, baiskeli ni ya Samajwadi, tembo ni wa BSP, kandili ni ya RJD kule Bihar, maua mawili yenye nyasi ni ya Trinamool huko Bengali Magharibi. Mwaka 2012 Tume ya Uchaguzi iliagiza sanamu za tembo katika bustani za jimbo la Uttar Pradesh zifunikwe hadi uchaguzi upite. Ukuta wenye nembo yako ukipakwa chokaa katikati ya kampeni, hutakuwa na wa kumlaumu. Pitia orodha ya Tume yote, pamoja na alama wanazogawiwa wagombea binafsi.

Sura ya mungu mwenyewe iache. Kipeperushi hutupwa, hukanyagwa, hufungiwa karanga. Sura ya Mama Ganga ikionekana mtaroni, umejiletea ugomvi usio na dawa. Sheria ya alama za biashara ya India ya mwaka 1999 nayo hukataa kusajili alama inayoweza kuumiza hisia za kidini. Simba wa nguzo ya mfalme Ashoka ni nembo ya dola, usiwaguse. Ramani pia iepuke: mto wote ukiufinya ndani ya sentimita mbili unabaki uzi, na kuchapa ramani ya India isiyolingana na ya idara yao ya upimaji ni kosa la jinai.

Baada ya kuchuja, alama tatu husimama. Ya kwanza ni taa ya kuelea, ile ya utambi wa pamba ndani ya kibakuli cha majani. Ni nzuri, lakini inamhimiza mtu aweke kitu majini, na huenda kampeni yako inapinga hasa sahani za plastiki na maboksi mepesi ambayo siku hizi huelea mahali pa majani. Ya pili ni pomboo wa Ganga, mnyama wa majini wa taifa. Inafaa kampeni ya viumbe, ila mchore yeye. Wengi huchukua pomboo wa baharini mwenye pezi refu la mgongoni na mdomo mfupi. Wa Ganga ana mdomo mrefu mwembamba wenye meno, macho madogo yasiyoona karibu chochote, mapezi ya ubavuni mapana, na mgongoni ana kinundu kidogo tu cha pembetatu. Mvuvi wa Bhagalpur, mji wa kando ya mto, ataliona kosa hilo kabla ya mfadhili wako.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipendelea, ni lota, mtungi mdogo wa shaba. Mama Ganga mwenyewe katika sanamu za kale hushika mtungi. Hujaji hubebea maji ya mto nyumbani ndani yake, na umbo hilo linajulikana kuanzia Gangotri mlimani hadi Ghuba ya Bengali. Zaidi ya yote, ni chombo cha jikoni pia, kwa hiyo mfua shaba Mwislamu hajioni mgeni mbele yake.

Kuijenga anza na duara moja la tumbo. Shingo iwe na upana wa theluthi moja ya duara hilo, na mdomo uliopanuka ufike nusu yake. Ndani ya tumbo usichore mto. Ukate, yaani uache nafasi tupu inayopinda kutoka chini kwenda juu. Huko Varanasi mto hugeuka na kutiririka kuelekea kaskazini, na wenyeji wanaliheshimu sana jambo hilo, kwa hiyo mpindo unaopanda utasomeka bila maelezo. Mkato usiguse kingo zote mbili za duara, la sivyo mtungi utaonekana umepasuka. Hilo hutokea mara nyingi, na mtungi uliopasuka kwenye ibada ni balaa.

Unene wa mstari au pengo lolote usipungue sehemu moja ya ishirini ya kimo cha nembo. Nembo ya sentimita mbili kwenye fulana itakuwa na pengo la milimita moja, ambalo wino hauliziba. Ukutani, kwa mita mbili, ni sentimita kumi, brashi pana inatosha. Ukitumia stenseli, yaani kiolezo kilichotobolewa, ya nusu mita, acha madaraja ya sentimita mbili na nusu hivi yanayoshika vipande vya ndani. Kwa picha ya wasifu ya simu inayokatwa kuwa duara, nembo ibaki ndani ya asilimia 75 ya kipenyo.

Maandishi yana mtego wake. Neno Ganga kwa Kihindi lina nukta juu ya herufi ya kwanza, na kila msanifu hufurahi kuigeuza tone au jua. Ukifika Kolkata, Kibengali huliandika neno hilohilo bila nukta, na ubunifu wote unaanguka. Jina likae chini ya alama, litengane nayo, na liwe na toleo la kila lugha. Mstari wa juu unaounganisha herufi za Kihindi usiukunje kuwa wimbi. Kwenye kadi ndogo hausomeki.

Rangi: zafarani peke yake ni ya masadhu, watawa wa Kihindu, na ya BJP, buluu iliyokolea ni ya BSP. Samawati yenye ukijani, kama maji ya juu milimani wakati wa kiangazi, pamoja na kahawia ya shaba, haina mwenyewe. Buluu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikichapwa kwa wino nne, kwa hiyo toa chapa ya majaribio kabla ya kuidhinisha. Na toleo la rangi moja lichorwe kwanza kabisa, maana kuta nyingi zitapata kopo moja tu la rangi.

Kwenye majaribio usiulize watu kama wameipenda. Watakuambia ndiyo kwa adabu. Onyesha alama bila jina kwa sekunde tano kwa mwendesha mashua, muuza maua wa ghat (ngazi za kuteremkia mtoni), mwalimu, na mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi cha Jajmau huko Kanpur, kisha uliza: hii ni ya nani? Akitaja chama, hekalu fulani au kampuni ya maji, rudi mezani.

Wakati wa kukabidhi, faili la vekta, mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kuharibika, halitoshi. Mchoraji wa ukutani anahitaji karatasi yenye nembo juu ya miraba kumi kwa kumi, vitovu vya maduara vikiwa vimetiwa alama ili apige kamba na msumari, na majina ya rangi kama yalivyoandikwa kwenye makopo ya duka la mjini kwake.